Kuhamisha maji chumvi kutoka pipani hadi kwenye akwariamu: mwongozo kwa wafugaji wa Mbeya, Iringa na Njombe

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo anayefuga samaki wa baharini huku juu hachoti maji ufukweni. Anaagiza chumvi ya akwariamu kwa kilo, anachanganya mwenyewe pipani, kisha kila wiki au kila wiki mbili anabadilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji ya tangi. Pipa liko stoo au uani, tangi liko sebuleni, na katikati pana ngazi, kizingiti, zulia na waya za umeme. Kwenye kipande hicho cha mita kumi ndipo maji yaliyochanganywa vizuri yanapoharibika. Yanapoa, yanaokota sumu kwenye dumu, yanamwagikia ekstensheni, au yanaingia tangini kwa kishindo na kuvuruga mchanga wote.

Wenye mbuna wa Ziwa Nyasa hawahusiki hapa. Hao ni samaki wa maji matamu na hawahitaji chumvi hii.

Dumu lilibeba nini kabla?

Anza na swali hilo, maana dumu baya linaweza kuua wanyama hata kama kipimo cha chumvi ni sahihi. Madumu ya manjano ya lita 20 yanayouzwa Mwanjelwa na masoko mengine mengi yalibeba mafuta ya kula. Plastiki inanyonya mafuta, na hata ukiosha mara tano, utando mwembamba utaelea juu ya maji ya tangi na kuzuia hewa kuingia. Madumu yaliyobeba mafuta ya taa, dizeli au viuatilifu vya viazi na nyanya usiyaguse kabisa, hata kama hayanuki tena. Kiasi cha kiuatilifu ambacho pua haikisikii kinatosha kuua kamba na uduvi wote usiku mmoja.

Nunua madumu mapya ya plastiki ya chakula, yenye alama ya pembetatu na namba 2 chini yake, au tumia chupa kubwa za maji ya kunywa za lita 18.9. Yaandike kwa kalamu isiyofutika: MAJI CHUMVI TU. Bila maandishi hayo, siku maji ya bomba yakikatika mtu wa nyumbani atalichukua kuhifadhia kitu kingine, na utagundua kwa kuchelewa.

Ndoo za bati ziache kwa kazi nyingine. Zina zinki, na maji chumvi huila zinki haraka. Kwa sababu hiyohiyo maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa la bati hayafai kuchanganyia chumvi kama tangi lina matumbawe, ingawa wa Tukuyu wanayo ya kumwaga. Shaba ni mbaya zaidi, kwa hiyo viungio vya mpira na koki viwe vya plastiki, visiwe vile vya njano vya shaba nyeupe (brasi) vinavyopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Mpira wa bustani wenye harufu kali nao hapana. Chukua mpira angavu wa chakula wenye uwazi wa ndani wa milimita 16, urefu unaotosha na mita moja ya ziada.

Chombo kipya kioshe kwa maji ya moto kiasi na siki, suuza mara tatu, kisha kianike mpaka kikauke. Usitumie sabuni.

Maji yawe tayari kabla hayajatoka pipani

Kwa maji yenye gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, ambayo haidromita (kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa maji) itayasoma karibu 1.026 kwenye nyuzi joto 25, chumvi nyingi za akwariamu zinahitaji gramu 36 hadi 40 kwa lita. Dumu moja la lita 20 linakula gramu 720 hadi 800. Tofauti hiyo inatokana na unyevu, kwani chumvi hizi zina magnesi na kalsiamu zinazovuta maji kutoka hewani, na mfuko uliokaa wazi Rungwe wakati wa masika unakuwa mzito bila kuongezeka chumvi. Kwa hiyo mizani inakupa makadirio tu, na rifraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa kupitisha mwanga kwenye tone la maji, ndiyo inayoamua. Irekebishe kwa maji ya kipimo ya gramu 35. Kuirekebisha kwa maji matamu peke yake kunaweza kukuacha na kosa upande wa chumvi.

Weka maji kwanza, kisha mimina chumvi kidogokidogo pampu ikizunguka. Ukianza na chumvi halafu ukaongeza maji, sehemu ya chini inakuwa kali mno, kalsiamu inaganda kuwa unga mweupe, na unga huo hauyeyuki tena. Acha pampu izungushe usiku kucha. Klorini ya maji ya bomba iwe imeshatolewa kabla ya chumvi kuingia.

Chumvi ya mezani ya dukani, au ile ya Uvinza, ni chumvi ya chakula. Karibu yote ni kloridi ya sodiamu, na haina magnesi, kalsiamu wala uwezo wa kushikilia pH (kipimo cha asidi ya maji) kama bahari. Itafikisha 1.026 kwenye haidromita na samaki watakufa vilevile.

Hewa nayo ina lake huku juu. Mbeya mjini iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Maji chumvi ya nyuzi 25 yanayoshika miligramu 6.7 hivi za oksijeni kwa lita Dar es Salaam, hapa yanashika 5.5 tu yakiwa yamejaa kabisa. Maji yaliyolala kwenye dumu lililofungwa siku tatu yana pungufu ya hapo. Yapulizie hewa saa moja au mbili kabla ya kuyahamisha. Pampu ya hewa isivute hewa ya chumba chenye jiko la mkaa, kwa sababu kaboni dayoksaidi ya jiko inashusha pH ya maji. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ni hatari kwa watu pia, kabla hata ya kufika kwa samaki.

Baridi ya Juni hadi Agosti

Pipa la uani linaweza kuamka na nyuzi 14 au 15 wakati tangi liko kwenye 25. Athari inategemea wingi wa maji unayobadilisha. Chukua tangi lenye lita 200 za maji kwenye nyuzi 25.5. Ukibadilisha lita 20 kwa maji ya nyuzi 18, tangi zima linashuka hadi 24.75, jambo ambalo samaki wengi wanalivumilia. Ukibadilisha lita 60 za maji hayohayo, linashuka hadi 23.25 ndani ya dakika chache, na madoadoa meupe ya ugonjwa yasikushangaze wiki inayofuata. Hata kwenye lita 20, tumbawe lililo mbele ya mdomo wa mpira linapigwa na nyuzi 18 kamili, siyo wastani.

Lengo ni tofauti isiyozidi nyuzi moja. Hita ya wati 100 inahitaji saa mbili kupandisha lita 20 kutoka nyuzi 16 hadi 25 kama hakuna joto linalopotea. Kwenye chumba cha baridi hesabu saa tatu, na lifunike dumu kwa blanketi kuukuu. Kwa pipa la lita 100, hita ya wati 300 inachukua saa tatu na nusu hadi tano. Mdomo wa dumu uwe mpana kiasi cha hita kusimama bila kugusa plastiki.

Umeme ukiwa haupo, tumia maji ya moto kabla ya kuweka chumvi. Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na lita 2.3 za maji yanayochemka zikichanganywa na lita 17.7 za nyuzi 16 zinakupa lita 20 za nyuzi 25. Tangulia na maji ya baridi ili plastiki isilegee, na chemsha kwenye birika la chuma cha pua badala ya sufuria ya aluminiamu. Kama chumvi imeshaingia, liweke dumu lililofungwa ndani ya beseni la maji ya moto na ulitikise kila baada ya dakika chache. Usichemshe maji chumvi yenyewe, kwa sababu kalsiamu itaganda kwenye chombo.

Uzito

Lita moja ya maji haya ni kilo 1.025 hivi. Dumu la lita 20 lililojaa, pamoja na chombo chake, linapita kilo 21, na linashikwa kwa mkono mmoja kwenye mpini mwembamba unaokata vidole. Kulinyanyua hadi ukingo wa tangi, mita 1.3 kutoka sakafuni, ni namna ya uhakika ya kuumiza mgongo au kupasua kioo. Dumu lililojaa halipaswi kupita usawa wa kiuno chako. Madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, yanabebeka vizuri kuliko moja la 20, na yajaze mpaka karibu na kifuniko. Dumu la nusu linachezacheza na kukuvuta upande ngazini.

Kama njia ni tambarare, toroli la magurudumu mawili la kubebea mitungi ya gesi linafanya kazi hii vizuri.

Kuandaa sebule

Kwanza rudisha usawa wa maji kwa maji matamu yaliyochujwa. Kiangazi cha huku ni kikavu na tangi linapoteza maji kila siku, lakini chumvi haiondoki na mvuke. Ukijazia pengo hilo kwa maji chumvi, kipimo kinapanda kutoka 35 kwenda 36, 37, na wala hutajua kilichotokea. Subiri nusu saa yachanganyike, kisha pima chumvi ya tangi na ya pipa. Tofauti ikizidi alama 0.001 kwenye haidromita, rekebisha pipa na usiguse tangi.

Zima hita ya tangi na subiri dakika 15. Hita yenye moto ikibaki nje ya maji halafu ikaguswa na maji mapya inapasuka, na hapo umeme unakuwa ndani ya maji chumvi, ambayo ni njia nzuri sana ya umeme. Zima pampu zote kwenye soketi. Ekstensheni iondoke sakafuni, ining'inie kwenye msumari juu ya usawa wa maji, na kila waya uiname chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi ili tone lidondokee sakafuni lisifuate waya. Nyumba ikiwa na kikata umeme kinachozima pale umeme unapovuja kwenda ardhini, bonyeza kitufe chake cha majaribio kabla ya kuanza.

Osha mikono mpaka viwikoni kwa maji matupu. Mafuta ya kupaka, sanitaiza na dawa ya kufukuza mbu vyote vinayeyuka tangini. Kama chumba kilipulizwa dawa ya mbu jana usiku, ahirisha kazi na ufungue madirisha, na ujue kwamba pipa lililokuwa wazi chumbani humo nalo limepata sehemu yake.

Bandika vipande viwili vya tepu kwenye kioo, kimoja kwenye usawa wa kawaida na kingine mahali maji yatakapofika ukishatoa kiasi unachotaka. Kwenye tangi la sentimita 100 kwa 50, kila sentimita 4 za kimo ni lita 20. Toa maji ya zamani mpaka tepu ya chini, ndipo uingize mapya kwa moja ya njia hizi mbili.

Njia ya kwanza: mpira bila pampu

Inafaa kwa dumu moja au mawili. Dumu lazima likae juu kuliko maji ya tangi, na hapa ndipo watu wanapolibeba kichwani. Badala yake, weka meza imara pembeni ya tangi, weka dumu tupu juu yake, kisha lijaze kwa ndoo ndogo ya lita 5. Ni safari nne zisizo na hatari.

Jaza mpira maji chumvi, ziba ncha zote mbili kwa vidole, tumbukiza moja ndani ya dumu na nyingine ielekeze tangini, kisha achia. Usinyonye kwa mdomo. Kwenye ncha ya tangini weka koki ya plastiki ili uweze kusimamisha. Ncha hiyo ifungwe kwa kibanio kwenye ukingo wa kioo, imwagie juu ya sahani iliyolala kwenye mchanga au ielekee kioo cha nyuma, isielekee tumbawe lolote.

Njia ya pili: pampu

Kwa lita 40 na kuendelea, pampu ya kuzamisha ndiyo njia ya watu wazima. Kosa la kawaida ni kununua kwa kuangalia lita kwa saa peke yake. Angalia kimo cha juu inachofikisha. Kimo kinapimwa kutoka usawa wa maji ndani ya pipa, siyo kutoka juu ya pipa, na kadiri pipa linavyopungua ndivyo pampu inavyopandisha zaidi. Pampu ya mita 1.5 itaanza vizuri na kufa katikati ya kazi huku ikiunguruma. Chukua ya mita 3.

1. Zamisha pampu pipani, imarisha mpira kwa klampu, na vuta kidogo kuhakikisha hauchomoki. Mpira ukichomoka chini ya maji hakuna madhara, lakini ukichomoka kwenye kiungio cha katikati ya sebule una lita kadhaa zulia­ni kabla hujafika kwenye swichi.

2. Mpira wa mita 10 wenye uwazi wa milimita 16 unabaki na lita 2 ndani yake. Kama haukumwagwa wiki iliyopita, lita hizo zimeoza. Zipeleke kwenye ndoo kwanza, nusa, ndipo uhamishie tangini.

3. Ncha ya tangini ifungwe kwa vibanio viwili. Pampu inapowaka mpira unaruka kama nyoka.

4. Ncha hiyo ikae juu ya usawa wa maji, isizame. Umeme ukikatika ncha ikiwa ndani, maji yatageuka na kurudi pipani kwa uzito wake, na pipa likijaa yatamwagika sakafuni mpaka tangi lifike kwenye ncha. Kama lazima izame, toboa tundu la milimita 3 kwenye mpira juu kidogo ya usawa wa maji. Hewa ikiingia hapo, mvuto unakatika.

5. Mtu mmoja akae kwenye swichi, mwingine kwenye tangi. Anayefanya peke yake aunganishe pampu kwenye soketi iliyo karibu na tangi, siyo karibu na pipa.

6. Simamisha sentimita moja chini ya tepu ya juu, angalia, kisha malizia.

Wenye tangi la chini linalochuja maji wanaweza kumwagia huko, ila wakumbuke kwamba pampu kuu imezimwa na tangi la chini limeshapokea maji ya mabomba. Kipande kilichobaki wazi siyo nafasi ya kujaza.

Baada ya hapo washa pampu za mzunguko, hakikisha hita imezama, subiri dakika chache, ndipo uiwashe. Pima chumvi na joto baada ya nusu saa. Samaki wakihema juujuu, ongeza mtikisiko wa uso wa maji kabla ya kufikiria dawa yoyote.

Maji yanaposafiri kwa gari au bajaji

Wengine wanachanganya kwa pamoja pipa moja kubwa, kisha kila mmoja anachukua lake kutoka Uyole hadi Mbalizi, au Ipogolo kupanda Gangilonga. Madumu yasimame wima kwenye beseni, juu ya turubai, yamefungwa yasiegemee mlango. Maji chumvi yakipenya chini ya zulia la gari yanaanza kula bati la sakafu, na hutaona mpaka tundu litokee. Bodaboda ibebe dumu moja la lita 10 tu, maana 20 likicheza nyuma kwenye kona pikipiki inalifuata.

Mwinuko unacheza na vifuniko. Anayeletewa maji ya bahari au maji yaliyochanganywa kutoka Dar es Salaam, dumu lake linapanda mlima wa Kitonga likiwa na hewa ya pwani ndani, na kadiri kanieneo ya nje inavyoshuka hewa hiyo inatanuka. Dumu lenye nafasi kubwa juu linavimba kama mpira na kuvujia mizigo ya abiria wengine. Lijaze mpaka shingoni ili hewa iwe kidogo, weka kipande cha mpira laini ndani ya kifuniko, kisha kaza. Likifika, fungua taratibu kwa sababu litapumua. Anayeshusha maji kutoka Mbeya kwenda Kyela ataona kinyume chake, dumu limebonyea kwa ndani.

Maji halisi ya bahari yana viumbe hai, na yakifungwa siku kadhaa yanaoza. Yakinuka yai bovu, yamwage.

Maji uliyotoa

Usiyapeleke bustanini. Lita 20 za maji haya zina gramu 700 za chumvi, na mparachichi, ambao ni mwepesi kuliko miti mingi ya matunda kuungua kwa chumvi, utaanza kukauka kwenye ncha za majani. Mchicha hautasubiri hata hivyo. Yamwage kwenye bomba la maji machafu au chooni, mbali na kisima na mto. Kisha suuza pampu, mpira na madumu kwa maji matamu, ning'iniza mpira ncha zote mbili zikitazama chini, na acha vifuniko wazi hadi kesho yake.